Shabaha ya Maisha: Mwaka wa 1959 katika Ngorongoro

Hapana swali linalorudiwa na vijana wa vyuo vyetu mara nyingi kuliko hili: Nimeumbiwa kazi gani? Aghalabu huliuliza kana kwamba jibu limezikwa ndani ya nafsi zao tangu kuzaliwa, na kwamba mtu akitulia peke yake na kujichunguza vya kutosha atalifukua likiwa zima. Wazee huwajibu kwa mithali, kwamba mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Mithali hiyo ni njema, walakini haisemi habari za yule aliyetafuta kitu kimoja akapata kingine, wala za yule aliyenyimwa kile alichostahili, wala za yule aliyepoteza alichokuwa nacho kwa sababu ya shabaha ya watu wengine. Juu ya hao historia ina neno la kusema.

Katika insha hii nataka kulitazama swali hilo mahali pamoja na katika mwaka mmoja. Mahali penyewe ni nchi ya Karatu na Ngorongoro, kaskazini ya Tanzania. Mwaka ni 1959. Sikuuchagua mwaka huo kwa kubahatisha. Katika miezi saba ya mwanzo wake palitukia huko mambo matatu, ambayo kila moja lingalitosha kuipa nchi jina katika vitabu: kijana mmoja alikufa, sheria moja ilianza kutumika, na fuvu moja lilionekana ardhini. Nyuma ya kila jambo walikuwako watu wenye shabaha zao, wala hapana hata mmoja wao aliyepata alichokitaka kama alivyokitaka.

Msafiri atokaye Arusha hupita Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kisha hufika Karatu, nchi ya udongo mwekundu na mashamba ya ngano, mahindi na kahawa. Wairaqw walienea huko wakitoka nyanda za juu za Mbulu, wakalima na kufuga. Na katika mwaka wa 1959 Karatu ilikuwa ingali sehemu ya wilaya ya Mbulu. Kutoka Karatu njia hupanda tena, huingia katika msitu wenye ukungu, na hatimaye huufikia ukingo wa kreta. Chini yake, kiasi cha mita 600, umelala uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 260, pamoja na ziwa la magadi, msitu wa Lerai, na makundi ya nyumbu, pundamilia na nyati. Njia huzunguka ukingoni, huteremka upande wa magharibi na kupita karibu na korongo la Oldupai, lililopata jina lake kutokana na katani ya porini ambayo Wamaasai huiita hivyo. Na mbele ya korongo hilo ni mbuga za Serengeti. Karibu mambo yote nitakayoyaeleza yalitukia, au yalianzia, kando ya njia hiyo moja.

Tuanze na mwezi wa Januari. Bernhard Grzimek alikuwa daktari wa wanyama, na tangu mwaka wa 1945 mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani. Alikuja Tanganyika pamoja na mwanawe Michael wakati serikali ya Waingereza ilipokuwa ikishauriana juu ya kubadili mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na Ngorongoro. Hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika wanyama wa mbuga zile ni wangapi, wala huhama kwa njia zipi. Baba na mwana wakajifunza urubani, wakaleta ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia, na katika mwaka wa 1958 wakaruka juu ya mbuga wakihesabu. Hesabu yao ilipata wanyama wakubwa karibu 367,000, na katika hao nyumbu walikuwa wapatao 99,000. Tena, walipozifuata nyendo za makundi, waliona ya kuwa mipaka mipya iliyopendekezwa haikupatana na njia za wanyama hao.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa angani peke yake. Ndege yake iligongana na tumbusi, ikaanguka, naye akafa, umri wake miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro, na juu ya kaburi lake yakapangwa mawe yaliyochongoka kuelekea juu, ambayo kila apitaye njia ile huyaona hata leo.

Baba alibakiwa na nini? Mwana amekufa, na mipaka ambayo wote wawili waliipinga ilipitishwa katika mwaka ule ule. Kama angalirudi Frankfurt akayasahau mambo ya Afrika, hapana ambaye angalimlaumu. Yeye alikimaliza kitabu walichokianza pamoja, akaimaliza na filamu, vyote viwili vikitangaza katika jina lao kwamba Serengeti haina ruhusa ya kufa. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka wa 1960. Kwa muda wa miaka 28 iliyofuata alikusanya fedha na kuwashawishi wakubwa wa nchi nyingi kwa ajili ya hifadhi za Afrika, na alipofariki mwaka wa 1987 majivu yake yaliletwa Ngorongoro yakazikwa kando ya mwanawe. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa mtu wa bustani ya wanyama aliyeitwa kuhesabu. Kazi ya maisha yake aliitambua baada ya kaburi lile.

Walakini historia haituruhusu kuifunga habari hiyo kwa sifa tupu. Nyumbu wa Serengeti waliongezeka sana katika miaka iliyofuata, hata wakazidi 1,000,000 kabla ya mwaka wa 1980. Sababu yake kubwa haikuwa filamu wala mipaka. Ilikuwa chanjo ya ng'ombe. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki karibu na mwaka wa 1890 ilikuwa ikiwaua ndama wa nyumbu kila mwaka. Na ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, ugonjwa huo ulitoweka kwa nyumbu pia. Kwa hiyo wanyama ambao Grzimek alijitolea kuwaokoa waliokolewa kwa sehemu kubwa na maganga wa mifugo waliokuwa wakifikiri habari za ng'ombe. Watu wanaofanya kazi bila kujuana hutimiziana shabaha zao, na anayepata sifa mara nyingi ni mmoja tu kati yao.

Neno hilo la ng'ombe latufikisha kwa watu wa jambo la pili. Kabla ya Wamaasai, kreta ilikuwa nchi ya Wadatoga. Wamaasai waliwashinda wakaikalia katika karne ya 19, na mwaka wa 1892 Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alipoteremka kreta, aliwakuta Wamaasai wakifa njaa kwa kuwa sotoka ilikuwa imewamalizia ng'ombe wao. Waliosalia walianza tena kwa mifugo michache, na ufugaji ukarudi. Hilo nalo ni jambo la kuangaliwa na wale wanaotafuta maana ya shabaha. Kijana wa Kimaasai wa zama zile hakujitenga kichakani kujiuliza ameumbiwa nini. Rika lake lilimpa jibu kwa wakati wake: kwanza alikuwa layoni mwenye kuchunga, kisha akatahiriwa akawa moran mwenye kulinda, kisha akawa mzee mwenye kuamua. Shabaha ilikuwa mali ya jamii nzima kabla haijawa ya mtu mmoja, na msingi wake ulikuwa mifugo na mahali pa kuilisha.

Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1951, wenyeji hawakuondolewa, ila mwaka wa 1954 kilimo kilikatazwa ndani yake, na ugomvi kati ya serikali na wakazi ukazidi. Palifanyika uchunguzi na ushauri, na mwaka wa 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia sahihi mapatano ya kuziacha mbuga za Serengeti na kuhamia upande wa Ngorongoro. Tarehe 1 Julai 1959 sheria mpya ilianza kutumika. Serengeti ikabaki bila wakazi, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la namna ya pekee, lenye kilomita za mraba 8,292, ambamo watu, ng'ombe na wanyama wa porini wangekaa pamoja. Mwezi wa Agosti mwaka ule Gavana Richard Turnbull aliwaambia Wamaasai katika baraza lao ya kuwa, kama yatatokea mashindano kati ya maslahi ya wanyama na maslahi ya wenyeji, ya wenyeji ndiyo yatakayotangulizwa.

Sheria hiyo ilifanya jambo ambalo huwashinda hata watu binafsi: iliipa nchi moja shabaha zaidi ya moja, ikaamini ya kuwa hazitagombana. Zikagombana. Mwaka wa 1974 wakazi waliondolewa ndani ya kreta. Mwaka wa 1975 kilimo kikakatazwa katika eneo lote, kikaruhusiwa tena mwaka wa 1992, na mwaka wa 2009 kikakatazwa tena. Wakati ule ule watu waliongezeka, kutoka wapatao 8,000 katika mwaka wa 1959 hata kuzidi 90,000 miaka sitini baadaye. Na ng'ombe kwa kila nyumba wakapungua. Hata mtu wa zama za Baumann angalijua nini maana ya kuhama kwa njaa. Lakini tangu Juni 2022 watu wa Ngorongoro walianza kuhama kwa sababu nyingine, wakipelekwa Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Serikali ilisema uhamaji huo ni wa hiari. Wapo waliokubali wakaenda, wapo waliokataa na kuikumbuka ahadi ya mwaka wa 1959.

Sikuleta habari hizo ili kutoa hukumu ambayo yataka kitabu kizima. Nimezileta kwa kuwa vitabu vingi vinavyomfundisha kijana kutafuta shabaha yake humweleza kana kwamba yuko peke yake duniani. Grzimek aliamini kwa moyo safi kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na mtu yeyote, hata mwenyeji. Shabaha hiyo, aliyoilipia kwa mwanawe, ililipiwa pia na watu wengine ambao hawakuichagua. Basi atakayeiona shabaha yake yampasa kuuliza swali la pili, ambalo ni gumu kuliko la kwanza: nani mwingine atailipia?

Jambo la tatu lilitukia siku 16 baada ya sheria ile kuanza, katika korongo la Oldupai. Ili kulifahamu imetupasa kurudi nyuma. Louis Leakey alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, mwaka wa 1903, mtoto wa wamisionari wa Kiingereza, akakua pamoja na watoto wa Kikikuyu akisema lugha yao. Alipokuwa mvulana wa miaka 13 hivi alisoma kitabu cha watoto juu ya watu wa kale, akaanza kuokota vipande vya mawe meusi yang'aayo kama kioo, na kuambiwa na wenye ujuzi ya kuwa vilichongwa kwa mikono ya watu. Hata hivyo alikusudia kuwa mmisionari kama baba yake. Alipokuwa mwanafunzi wa Cambridge aliumia kichwa katika mchezo wa raga, maumivu yakamwandama, na madaktari wakamtaka apumzike masomo. Katika mapumziko hayo, mwaka wa 1924, alijiunga na msafara wa kuchimba mifupa ya dinosauri huko Tendaguru, kusini ya Tanganyika. Baada ya safari hiyo aliishika elimu ya mambo ya kale, wala hakuiacha tena. Teke moja uwanjani lilifanya ambalo miaka ya kujichunguza haikulifanya.

Mwaka wa 1931 alifika Oldupai kwa mara ya kwanza pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyechimba huko mwaka wa 1913. Reck alikuwa amesema hapana zana za mawe katika korongo lile. Leakey akabisha naye kwa pauni 10 kwamba ataziona katika saa 24 za kwanza, akashinda. Lakini katika safari ile ile alikubaliana na Reck kwamba mifupa ya mtu iliyochimbwa mwaka wa 1913 ilikuwa ya kale sana, na haukupita muda mrefu ikathibitishwa ya kuwa ni ya mtu wa zama za karibu, aliyezikwa ndani ya tabaka la kale. Mwaka wa 1935 mtaalamu wa miamba alikuja Kenya kukagua mahali pengine ambapo Leakey alidai kuona mabaki ya watu wa kale, naye Leakey hakuweza kumwonyesha kwa hakika mahali penyewe. Jina lake likashuka mbele ya wenzake. Alikuwa ameijua shabaha yake tangu ujana, na kuijua kwenyewe hakukumlinda na makosa.

Katika mwaka ule wa 1935 alifika Oldupai kwa mara ya kwanza Mary Nicol, ambaye mwaka uliofuata aliolewa na Louis. Mary alizaliwa London mwaka wa 1913. Baba yake alikuwa mchoraji, akafa Mary akiwa na miaka 13. Alifukuzwa katika shule za watawa, wala hakupata kuketi chuo kikuu na kutoka na shahada. Alilolijua ni kuchora. Alichora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya wataalamu, na kwa kuzichora alijifunza kuzitazama, na kwa kuzitazama akajifunza kuchimba kwa uangalifu kuliko wengi waliokuwa na vyeti. Kwa miaka mingi yeye na mumewe walikwenda Oldupai kila walipopata fedha, wakaona zana kwa maelfu na mifupa ya wanyama, ila aliyezichonga zana hizo hawakumwona.

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa amelala kambini kwa homa. Mary akatoka na mbwa wake, akaenda kwenye korongo dogo ambalo lilikuwa limepewa jina la Frida, mke wa kwanza wa Louis. Akaona mfupa umetokeza ardhini, akapangusa udongo, akaona meno yamekaa katika taya. Akarudi mbio kwa gari kumwita mumewe. Tangu msafara wa kwanza ilikuwa imepita miaka 28.

Basi huyo mtu aliyekuwa akingojea siku hiyo tangu utoto alifurahi? Alipoyatazama meno yale kwanza alivunjika moyo, kwa maana alitafuta babu wa mwanadamu, na haya yalikuwa magego makubwa mno ya kiumbe wa jamii nyingine, jamaa ya wale waliokwisha kuonekana Afrika Kusini. Alimpa jina Zinjanthropus, kwa kulifuata jina Zinj ambalo Waarabu wa kale walilitumia kwa pwani ya Afrika Mashariki. Na kwa kitambo alidai ya kuwa ndiye aliyezichonga zana za Oldupai. Mwaka wa 1961 umri wa fuvu hilo ulipimwa kwa njia mpya ya kuchunguza majivu ya volkeno, ukapatikana kuwa miaka ipatayo 1,750,000, umri ambao wataalamu wengi hawakuutazamia. Muda si muda, mahali pale pale palitoka mifupa ya kiumbe mwingine, aliyekaribiana zaidi na sisi, ambaye mwaka wa 1964 aliitwa Homo habilis. Leo fuvu la Zinjanthropus ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na elimu yasema kwamba kiumbe huyo hakuwa babu yetu, bali ndugu wa ukoo uliokwisha.

Louis alifariki mwaka wa 1972. Mary alibaki Oldupai akiendelea kuchimba, kupima na kuchora. Mwaka wa 1978, huko Laetoli, kusini ya korongo hilo, watu wa msafara wake walifunua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkeno yaliyolowa mvua, zaidi ya miaka 3,600,000 iliyopita. Wakati huo Mary alikuwa na miaka 65. Kwa hiyo vitu viwili vikubwa kuliko vyote katika habari hii vilitoka mikononi mwake, naye si yule aliyetangaza shabaha kubwa ujanani. Yeye alianza na penseli na ukaidi wa kutazama jambo moja mpaka alielewe.

Sasa turudi Karatu, kwa maana mwaka wa 1959 ulikuwa na jambo la nne, ambalo halikuandikwa na mtu yeyote kwa kuwa lilikuwa halijatokea. Mwezi wa Juni mwaka ule mtoto mmoja mzaliwa wa Karatu, Filbert Bayi, alitimiza umri wa miaka 6. Alipokuwa na miaka 15, jirani wa nchi yake, John Stephen Akhwari wa Mbulu, alikimbia marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mwaka wa 1968. Akhwari alianguka njiani, goti likaumia, akaendelea huku mguu umefungwa bendeji, akaingia uwanjani usiku zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Katika wakimbiaji 75 walioanza, 18 waliacha njiani. Yeye alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu ya kuwa nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili aanze mashindano, bali ili ayamalize. Wengi wa walioshinda mwaka ule wamesahauliwa, naye angali akitajwa.

Bayi alianza kwa kushindwa. Katika Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972 hakufika fainali. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1,500. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitoka mbele tangu hatua za kwanza, akabaki mbele mpaka mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alikuja John Walker wa New Zealand, ambaye naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi aliivunja na rekodi ya maili moja. Dunia yote ikangojea wawili hao wakutane Montreal mwaka wa 1976.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, katika miezi ile ile watoto wa Soweto walipopigwa risasi. Na New Zealand ilipoachwa ishiriki Olimpiki, Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusa. Walker alishinda nishani ya dhahabu. Bayi alinyimwa siku ambayo mwanamichezo huipata mara moja katika maisha, tena bila kosa lake, kwa ajili ya uhuru wa watu ambao hakuwajua. Mtu aweza kuona ususiaji ule ulikuwa wa haki, nami naona hivyo, na bado akakubali ya kuwa haki hiyo iligharimiwa na vijana wachache waliokuwa wamejitayarisha kwa miaka. Hapa swali letu la pili lageuka upande: safari hii ni mwenye kipaji aliyelipia shabaha ya taifa.

Mwaka wa 1980, huko Moscow, Bayi aliingia katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akapata nishani ya fedha. Na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hizo mbili ndizo nishani ambazo Tanzania imezipata katika Olimpiki mpaka sasa. Baadaye Bayi alitumikia Kamati ya Olimpiki ya Tanzania akiwa katibu mkuu, akaanzisha na shule zenye jina lake. Rekodi yake ya Christchurch ilibaki kuwa ya kwanza katika Michezo ya Jumuiya ya Madola hata mwaka wa 2022, miaka 48. Lakini nadhani watoto waliojifunza kusoma katika shule zile wana umri mrefu kuliko rekodi yoyote.

Tukiyapanga mambo hayo pamoja twaona nini? Louis Leakey aliijua shabaha yake mapema, akakosea, akaletewa na mwingine kitu ambacho hakukitaka. Mary hakuitangaza, akaifikia kwa kazi ya mikono. Grzimek aliipata kaburini mwa mwanawe. Wamaasai walikuwa nayo tayari, wakaona jinsi shabaha ya watu iwezavyo kubanwa na shabaha ya wengine, hata ikiwa imelindwa kwa ahadi. Bayi alikuwa nayo mikononi, ikachukuliwa, akafanya nyingine. Katika habari zote hizo hakuna aliyejua mwaka wa 1959 maisha yake yalikuwa ya nini. Sisi twajua kwa kuwa twatazama kutoka nyuma, nao walijua kidogo kidogo, kila mmoja kwa yale aliyoendelea kuyafanya baada ya kunyimwa alichokitaka.

Kwa hiyo mwanafunzi akinijia na swali lile la kwanza, sitamwambia atulie ajichunguze. Nitamwuliza ni kazi gani ambayo, ikimshinda leo, atairudia kesho asubuhi bila kutumwa. Akiisha kuitaja, nitamwuliza na lile la pili, nani mwingine atailipia. Akijibu la kwanza tu, bado nusu ya safari. Na katika njia ile itokayo Karatu kwenda ukingoni, nusu ya safari humwacha mtu ndani ya msitu na ukungu, kabla hajaiona nchi iliyo mbele yake wala watu wanaoikaa.